Nyonga Nilizokufunga

Chemchem, Tabora
Jumatano, baada ya swala ya alasiri

Mwanangu Zuhura,

Watu wakiandikiana barua huulizana hali kwanza, ila hali yako naijua, maana uko chumba cha pili na nakusikia ukigombana na zipu ya begi. Utashangaa baba mzima anamwandikia mtoto barua wakati kati yao kuna ukuta mmoja wa tofali na mlango ambao ameutengeneza yeye mwenyewe. Ningeweza kuugonga. Tangu mchana nimeugonga mara mbili, na mara zote mbili nilipoingia nikakuuliza kama umeweka chaja ya simu. Mara ya pili ulinijibu kwa kunionea huruma.

Kwa hiyo naandika. Sitakuambia habari za kula vizuri, kuswali kwa wakati, wala kukataa soda ya mtu usiyemjua ndani ya treni. Hayo mama yako ameshayasema yote, na kama kuna lililobaki atalimalizia kesho stesheni, kwa sauti, mbele ya abiria wote. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni kiuno chako.

Jumapili pale kiwanja cha gofu uliuingiza mpira kwenye shimo la saba, nami nikawa nakutazama unavyouchukua. Hukuinama. Ulishusha goti la kushoto, ukaegemea fimbo kwa mkono wa kulia, ukateremka polepole, ukauchota mpira kwa ncha za vidole, halafu ukabaki pale chini kidogo kabla ya kuinuka. Nikakuuliza, "Vipi, mama?" Ukanijibu, "Nimechoka tu, baba." Mama yangu, na nakuita hivyo kwa sababu jina lake ndilo nililokupa, mimi ndiye mwenye huo ujanja. Nimeokota mipira kwa goti moja miaka na miaka kabla wewe hujajua gofu ni kitu gani. Mtu wa miaka hamsini na nne akiteremka hivyo, watu humpa pole na kumkumbusha umri. Wewe una kumi na tisa.

Ningeweza kujidanganya kuwa ni uchovu kweli. Lakini jana asubuhi nilikuwa uani napiga randa mbao za kitanda cha bwana harusi mmoja wa Gongoni, na ninyi mlikuwa jikoni, na dirisha la jikoni halina kioo tangu Ramadhani. Nikamsikia mama yako akisema, "Hicho kiuno utakificha mpaka lini? Mwambie baba yako." Nawe ukamjibu kwa sauti ya chini, "Mama, nyamaza, atasikia. Nikisema naumwa, kule kwenye timu ya gofu Dar watanipima, halafu wataniuliza nani kanifundisha kupiga hivi. Niwaambie nini? Watasema baba ndiye aliyeniharibu."

Randa ilisimama mkononi. Nikakaa juu ya ule ubao mpaka mama yako akatoka kumwaga maji na kuniuliza kama naumwa kichwa.

Sasa nakujibu, kwa kuwa jana sikuweza. Wakisema hivyo, watakuwa wamesema kweli. Mimi ndiye niliyekuharibu, na sikukuharibu kwa kutojua. Hiyo ndiyo sehemu iliyonishinda kuisema kwa mdomo, na ndiyo sababu naandika barua kwa mtu aliye chumba cha pili.

Wewe gofu umeikuta nyumbani, kama kabati. Mimi ilinikuta karakanani. Mzee mmoja mstaafu wa reli, Mungu amrehemu, aliniletea fimbo yenye kichwa cha mbao kilichopasuka, akaniuliza kama naweza kumchongea kingine. Sikujua ni ya nini. Nilidhani ni bakora ya kizungu. Nikamchongea kichwa cha mninga, nikakisugua msasa mpaka kikang'aa, akaja kuichukua akaniambia, "Fundi, twende ukaone inavyofanya kazi." Akanipeleka kwenye kile kiwanja chetu, ambacho siku hizo kilikuwa na mbuzi wengi kuliko wachezaji. Akanionyesha zile duara zinazozunguka mashimo, za mchanga uliomwagiwa oili chafu ili upepo usiupeperushe, akaniambia kule kwingine kwenye pesa mpira huingizwa shimoni juu ya majani laini. Nikapiga mara moja. Mpira ulikwenda mbali na ukanyooka, nami nikakamatika, basi.

Nilikuwa na nguvu, Zuhura. Mama yako akikuambia sikuwa nazo, ujue ananitania. Siku nzima nilikuwa nimeinama kwenye meza ya randa, jioni nakwenda kupiga mipira kwa mikono na mgongo, basi. Sikujua kama mwili una sehemu nyingine. Kiuno kilianza kunilalamikia taratibu, asubuhi asubuhi, kama mtu anayekohoa nyumba ya jirani. Sikumwambia mtu. Kwetu maumivu ya mgongo hayakuwa jambo la kusema. Babu yako, kila ukilalamika umechoka, alikuwa anakuletea habari za ukoo: jinsi babu yake alivyotoka hapa Tabora na pembe ya ndovu begani akaenda nayo kwa miguu mpaka Bagamoyo, akarudi na robota la nguo kichwani, na wenzake mamia kwa mamia, na hakuna aliyewahi kusikika akisema kiuno kinamuuma. Wapagazi ndio sisi, alikuwa anasema, tumeumbiwa mzigo. Nililiamini hilo na nikajivuna nalo. Nimekuwa mtu mzima sana ndipo nikajiuliza swali la kitoto kabisa: aliyeumwa kiuno njiani, nani angemsikia? Huyo alibaki porini huko. Hakurudi Tabora kuzaa watoto wa kuja kutusimulia. Sisi tunazo habari za waliofika tu.

Siku kiuno kiliponiangusha walikuwa wamekuja wageni wa kutoka Mwanza. Tulikuwa sare, limebaki shimo la mwisho, na mgeni wangu alikuwa na mdomo. Nikataka nimnyamazishe kwa pigo moja. Nikavuta fimbo nyuma kuliko nilivyowahi kuivuta, na nilipoirudisha kitu kikakatika pale chini, upande wa kulia, nikahisi mguu wote umekuwa wa mtu mwingine. Mpira nao ulikwenda vizuri, ndiyo aibu yake. Watu wakapiga makofi. Nikasimama pale natabasamu nimeshikilia fimbo, maana nikiiachia naanguka.

Niliwaficha wote kwa karibu miaka mitatu. Msikitini nikaanza kuswali juu ya kiti, nikasema ni goti. Karakanani nikawa nachukua kazi za kusimama tu. Asubuhi nilikuwa siwezi kuvaa viatu, na wewe ulikuwa darasa la pili, ndiyo kwanza umejua kufunga kamba, ukafurahi kupata wa kumfanyia mazoezi. Ulikuwa unanifunga fundo la kipepeo huku umetoa ulimi nje kwa bidii. Ukaniambia, "Baba, wewe hujui kufunga?" Nikakuambia sijui. Kila asubuhi nilikuwa nakudanganya wewe na mama yako na Mungu, na wakati huohuo nikiwa na furaha ya kuushika utosi wako mdogo pale chini. Siwezi kukuambia kipi kilikuwa kikubwa zaidi.

Mama yako ndiye aliyenikamata. Alinikuta chooni nimeshikilia ukuta nalia kwa kujaribu tu kusimama, akanipeleka hospitali kwa nguvu. Kule nikapangiwa binti mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mtoto wa wakulima wa tumbaku wa Urambo. Nilimwona mdogo sana nikataka kuondoka.

"Shikamoo baba. Unaumwa wapi?"

"Marahaba. Kiuno."

"Nionyeshe kwa mkono."

Nikamwonyesha. Akacheka kidogo. "Wote mnasema kiuno. Mwingine anashika mgongo, mwingine anashika ubavu, mwingine anashika matako. Mama yangu naye amevuna tumbaku maisha yake yote, kila kitu kwake ni kiuno." Akanilaza chali, akaukunja mguu wangu, akaugeuza nje, akaugeuza ndani. Ndani haukwenda. Akajaribu wa pili, vilevile. Akaniambia, "Baba, tatizo lako halijaanzia hapa unapopashika. Nyonga zako hazizunguki."

Akanieleza, nami nakueleza kama nilivyoelewa, ukikutana na wasomi wa Dar watakusahihisha. Nyonga, pale paja linapoingia kwenye mwili, ni kiungo kilichoumbwa kuzunguka. Mifupa ya chini ya mgongo imeumbwa kuinama na kuinuka, na kuzunguka kwake ni kidogo mno. Ukipiga mpira, mwili wote unataka kugeuka. Nyonga ikiwa imekakamaa, mwili hauachi kugeuka kwa sababu hiyo. Unachukua kwa jirani, na jirani ni mgongo. Nikamwambia, kumbe ni kama bawaba iliyoshika kutu: ukiulazimisha mlango, bawaba haivunjiki, inapasuka fremu. Akaniambia, "Ndiyo hivyo baba, na wewe fremu yako imeshaanza kupasuka."

Tangu siku hiyo ndiyo yale mazoezi unayoniona nayafanya mkekani kila baada ya alfajiri, mguu huu juu ya mwingine, goti kifuani, na mama yako akipita ananiuliza kama nimepata wa kunitunza noti kama mcheza ngoma. Sijapona sawasawa, ila viatu navaa mwenyewe na paji la uso linafika chini. Nashukuru.

Sasa ndiyo nafika kwako. Ulipofika miaka kumi na tatu ukaniambia unataka kucheza, na nikaona ulivyozaliwa nalo hilo jicho la kupima mbali. Nikasema nitamfundisha huyu vizuri kuliko nilivyojifundisha mimi. Nilikuwa najua ninachotakiwa kukufundisha. Nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha yule binti wa Urambo, nimegeuzwa miguu, nimeambiwa kwa Kiswahili. Tukaenda kiwanjani Jumamosi ya kwanza, nikasimama nyuma yako, nikakuambia kwa sauti, "Zungusha kiuno, mama. Mgongo utulie. Zungusha kiuno."

Labda huukumbuki mchana huo. Mimi naukumbuka mpaka rangi ya vikombe. Pale barazani walikuwa wamekaa watu watano wanakunywa kahawa, na mmoja wao, simtaji, ameshafariki, akapaza sauti: "Fundi Sadiki! Hiyo ni gofu au ngoma? Mtoto anafundishwa kukata kiuno na baba yake!" Wa pili akadakia, "Tuanze kutunza au bado?" na akafanya kama anatoa noti mfukoni aje akubandike kwenye paji la uso. Wakacheka. Wewe ukanitazama hujaelewa, ila uso ulishakushuka, umeivuta fulana yako ikafunika mapaja.

Zuhura, nilitakiwa niseme neno moja tu. Ningeweza kuwajibu wale watu. Ningeweza kusema sikusudii kiuno, nasema nyonga, nimefundishwa na mtaalamu, kaeni kimya mnywe kahawa yenu. Lakini neno "nyonga" nalo lilinishinda. Kulitamka mbele ya wanaume, nikilielekeza kwa binti yangu anayeanza kukua, mdomo ulikataa. Kiuno kwetu ni kila kitu, ni pale pa kufunga suruali na pale panapouma na pale wanawake wanapopazungusha kwenye harusi milango ikiwa imefungwa. Nikaona nimekuvua nguo mbele za watu. Nikaona haya. Na badala ya kuibeba hiyo haya mimi, nikakubebesha wewe.

Wiki iliyofuata nilikuja na khanga ya mama yako. Nikakufunga kibwebwe juu ya suruali, nikakikaza mpaka ukasema "Baba, taratibu." Nikakuambia, "Kiuno kisicheze. Mwanamke wa heshima anapiga na kiuno chake kimetulia. Geuka kwa mgongo." Ulikuwa mtiifu. Ungekuwa mbishi kidogo tu kama mama yako tusingefika hapa. Ulijifunza kufunga nyonga na kugeuza mgongo peke yake, na kwa kuwa mgongo wa mtoto ni mpira, ukageuka mpaka watu wakashangaa. Mipira ikaruka. Wale wale wa barazani wakaanza kusema, "Huyu anapiga kiume." Nami nikasimama pale kifua mbele, nikipokea pongezi za kitu nilichokuwa najua kuwa kitakuja kukuumiza. Khanga uliivua baada ya mwaka mmoja, lakini kwa wakati huo mwili ulishajifunga wenyewe.

Nilionywa pia. Hili hulijui. Unakumbuka mashindano yale baada ya Idi, ulipokuwa na miaka kumi na sita? Shangazi yako Mwamvua alikuja na ndoo ya vitumbua na chupa ya chai, akakaa kwenye majani akakutazama ukipiga mashimo matatu. Dada yangu hajui gofu. Lakini huyu ni kungwi, tangu sijaoa anawafunda wali wa watu unyagoni, na ameshawatoa mabinti wa Gongoni wengi tu. Akaniita pembeni.

"Kaka, mtoto huyu nani kamfunga nyonga?"

Nikajifanya sijasikia.

"Nakuuliza. Mgongo wake unafanya kazi ya watu wawili. Sisi tukimkuta binti anacheza hivyo tunamsimamisha hapohapo, maana atalala na kiuno wiki nzima. Mgongo unatulia, nyonga ndizo zinatembea. Niachie nimwonyeshe siku moja tu."

Nikamwambia, na watu walikuwepo, "Mwamvua, hapa si ngomani. Mambo yenu ya ndani yaacheni huko ndani."

Akafunika vitumbua vyake akaondoka. Ndiyo sababu hajakanyaga nyumba hii isipokuwa kwenye msiba. Ulikuwa unaniuliza kila Idi, nami nakuambia shangazi ana harusi nyingi. Alikuwa na harusi, ndiyo, lakini alikuwa na jeraha pia, na nililiweka mimi. Yule binti wa hospitali alinieleza jambo hilohilo, karibu neno kwa neno, nikamshukuru na kumpelekea stuli ya mninga. Dada yangu alinieleza, nikamfukuza.

Leo baada ya adhuhuri nilikwenda Gongoni. Nilimkuta amekaa barazani kwake na majirani wawili, anachambua mchele.

"Shikamoo kaka," akasema, bila kuinua macho kwenye ungo.

"Marahaba. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini?"

Alikuwa anajua. Alitaka niseme. Wale majirani nao wakaacha kuongea, mmoja akajifanya anatafuta kiatu. Nikasema, "Ya nyonga. Nyonga za Zuhura. Ulisema kweli, na mimi nilikuwa najua unasema kweli."

Mwamvua akainua uso akanitazama, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka mchele ukamwagika, na katikati ya kicheko nikaona anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Miaka mitatu, kaka. Miaka mitatu umenisusa kwa neno moja." Nikamwambia unaondoka kesho. Akaniambia nitangulie, yeye atakuja akimaliza kuchambua, kwa sababu wageni wake wa jioni hawatakula radhi yangu.

Subiri, kuna mtu anabisha hodi.

Ni yeye. Amepita hapa sebuleni bila hata kutazama ninachoandika, amesema, "Mtoto yuko wapi?" na ameingia kwako na mama yako wakafunga mlango. Nimeambiwa nisisogee. Basi naendelea kuandika, na nikikosea herufi ujue ni kwa sababu sikio liko ukutani.

Najua unachoogopa. Wamekupa miezi sita ya majaribio, na unaona ukisema una maumivu watakupakia kwenye treni ileile ikigeuza. Huenda. Siwezi kukuahidi watu nisiowajua. Lakini mimi nilificha miaka mitatu kwa ajili ya kiwanja cha mbuzi na pongezi za watu watano, na kila mwezi niliouficha yule binti wa Urambo aliukuta pale kitandani akalazimika kuutoa kwa mikono yake. Wewe umeficha miezi mingapi? Mama yako anasema minne. Bado ni kidogo. Bado una umri ambao mwili unasikia ukiambiwa.

Na sitaki uchukue maneno yangu haya ukajitibu nayo. Mimi ni seremala. Nimekueleza kiuno changu, na chako kinaweza kuwa na habari zake nyingine kabisa ambazo mimi wala shangazi yako hatuzijui. Waache wakupime. Wakikuambia upumzike, pumzika, hata kama wenzako wanapiga na wewe umekaa unatazama. Wakitaka kukubomolea namna yako yote ya kupiga waanze upya, wakubalie, na usiwaambie "lakini baba alisema." Mipira yako ya kwanza itakwenda porini. Utajiona mjinga. Ulipoanza ulikuwa na miaka kumi na tatu na hukuona haya hata kidogo, mpaka nilipokuletea haya mimi.

Wakikurudisha, rudi. Nasema hivyo kwa moyo wangu wote. Nitakuwa stesheni kabla treni haijafika, na kwa treni yetu hii unajua hiyo ni kukaa nusu siku. Hapa kuna karakana, kuna chuo, kuna mama yako wa kugombana naye. Kitu nisichotaka nikipokee pale stesheni ni mwanangu wa miaka ishirini anayeshuka ngazi za behewa kwa kushikilia chuma kwa mikono miwili. Hicho sitakiweza. Nakupenda kuliko gofu, na siku nyingine nilicheza kama sikupendi kuliko gofu, na naomba unisamehe.

Sasa nasikia huko kwako. Mwamvua anasema, "Mgongo tulia. Tulia, nimesema. Magoti yalegee. Haya, nyonga hii iende nyuma, iende yenyewe, usiisukume." Mama yako anacheka. Mwamvua anamwambia, "Na wewe usicheke, wewe ndiye ulinishinda kukufundisha." Sasa anasema, "Haya, chukua hilo gongo lako upige." Kuna kitu kimeanguka, nadhani ni kopo la mafuta. Kimya. "Tena." Kimya. "Tena, nyonga kwanza."

Na sasa hivi nimesikia sauti yako, Zuhura. Umesema, "Shangazi, mbona hapo haiumi?"

Nimeiweka kalamu chini nimelia. Nakuandikia hivyohivyo, usije ukadhani doa hili ni la chai. Nimekaa kwenye kiti nilichokitengeneza kwa mikono hii, nimesikia maneno manne kupitia ukuta, nimelia kama mtoto, kwa sababu ungeweza kuyasema maneno hayo miaka sita iliyopita, pale kiwanjani, mchana kweupe, kama baba yako angekubali kuchekwa kidogo.

Najua ni hapo tu ambapo haiumi, na ni kwa leo tu. Mara tatu za kupiga hewa chumbani si dawa. Ndiyo maana bado nataka useme.

Barua hii sitaitia begini uje kuisoma ukiwa Morogoro. Nitakupa leo, Mwamvua akitoka humo ndani, na nitakaa hapahapa unapoisoma ili ukitaka kunikasirikia nisiwe mbali. Kesho kutwa ukifika huko, wakikuuliza kama una maumivu, sema ndiyo, na uwaonyeshe kwa mkono ni wapi. Wakikuuliza nani alikufundisha kupiga hivyo, usitazame chini na usiseme ulijifunza mwenyewe. Waambie ni baba yangu, anaitwa Sadiki, fundi seremala wa Tabora, na alikuwa anajua akanifundisha vibaya kwa kuona haya. Litaje jina langu, mwanangu, wasikie, ili kosa hilo waliondoe kwako waliandike kwangu.

Ni mimi,
baba yako